Bidhaa za kigeni haziingii sokoni kwa mabango

Ndugu Mhariri,

Mwandishi wenu wa safu ya uchumi anasema kampuni za kigeni hushinda kwenye masoko ya watu kwa sababu zina fedha nyingi za matangazo: mabango makubwa, wachezaji mpira maarufu, nyimbo zinazong'ang'ania kichwani. Akapendekeza matangazo hayo yatozwe kodi nzito ili wazalishaji wa ndani wapate pumzi. Anaandika vizuri, na ile aya yake kuhusu bango linaloziba taa za barabarani ilinichekesha. Ila inaonekana hajawahi kukaa stoo mwisho wa mwezi kuhesabu katoni zilizorudishwa.

Mimi nimekaa. Sasa nimestaafu, lakini kazi yangu yote ilikuwa ya uwakala. Kwa wasioijua, kampuni ya nje mara nyingi haiji yenyewe. Hutafuta mfanyabiashara wa nchi husika, humpa haki ya kuagiza na kusambaza, naye ndiye anayelipa ushuru, anayetunza mali, anayewabembeleza wauza jumla na kufukuzana na wadeni. Nilianza kama karani wa ankara, nikaishia kusimamia mauzo. Zimepita mikononi mwangu betri, dawa za meno, pampu za maji, vipodozi, na mara moja mashine za kukunja karatasi ambazo hakuna aliyezitaka. Wageni waliokuja kutufundisha soko walikuwa wengi kuliko walioliuliza soko lenyewe.

Tangazo lina kazi yake: humfanya mteja aulize. Akishauliza, anayemjibu ni muuza duka, na jibu la muuza duka linatoka kwenye mambo yasiyopigwa picha. Anapata faida gani kwa kila kipande? Amepewa mali kauli au ametakiwa kulipa taslimu? Ikiharibika rafuni, nani anaichukua? Afisa mauzo alipita lini? Kama majibu ni mabaya, atasema "hiyo imekwisha, chukua hii," huku katoni nzima iko chini ya meza. Nimeyaona haya kwa macho yangu, na sikumlaumu muuza duka hata mmoja.

Nitoe mfano mmoja wa kazini, bila kutaja jina la kampuni. Ilikuwa ya pampu za maji, na ilikuja na bajeti ya uzinduzi iliyotufanya tuchanganyikiwe kwa furaha: hema, muziki, fulana, wageni wa heshima. Mauzo ya miezi ya kwanza yalikuwa mazuri sana. Kisha sili za pampu, ile mipira ya kuzuia uvujaji, zikaanza kuchakaa, jambo la kawaida kwa pampu yoyote, na sili za kubadilishia hazikuwepo. Tuliandika barua. Tukajibiwa kwamba vipuri vitaagizwa pamoja na kontena lijalo la pampu, na kontena hilo haliwezi kuja mpaka mali iliyopo iuzwe. Mali iliyopo nayo haikuuzika, kwa sababu mafundi walikuwa wameshaanza kuwaambia wateja: usinunue hiyo, ikiharibika utakuja kunililia mimi. Fundi ndiye mtangazaji anayeaminiwa kuliko wote, wala halipwi na kampuni. Makao makuu walipoona takwimu walituma suluhisho lao, nalo lilikuwa mabango zaidi.

Historia ya biashara imejaa mambo ya namna hii, na inayonifurahisha zaidi ni ya Honda nchini Marekani. Mwaka 1959 Wajapani hao walifungua kampuni yao Los Angeles. Wizara ya Fedha ya Japani ilikuwa inabana mno fedha za kigeni, ikawaruhusu mtaji wa dola 250,000, na taslimu katika hizo ilikuwa 110,000 tu. Watu waliotumwa walikuwa wachache, wakabanana kwenye nyumba moja ya kupanga, wengine wakilala sakafuni. Mpango wao ulikuwa kuuza pikipiki kubwa, kwa hoja iliyoonekana haina ubishi: Marekani kila kitu ni kikubwa, barabara ndefu, magari mapana, nani atanunua kipikipiki cha cc 50?

Zile kubwa zikaanza kuvuja mafuta na klachi kugoma. Wamarekani waliziendesha mbali zaidi na kwa kasi kubwa kuliko zilivyozoea kwao. Zilirudishwa Japani kwa ndege zikafanyiwe majaribio na kurekebishwa, na wakati huo duka lilibaki halina cha kuuza ila vile vidogo, Super Cub, ambavyo wafanyakazi walikuwa wakivitumia kwa shughuli zao za mjini. Watu wakaviona barabarani, wakaanza kuuliza. Waliotaka kuviuza hawakuwa wauza pikipiki wa kawaida, ambao biashara yao ilitegemea vijana wa majaketi ya ngozi. Walikuwa wenye maduka ya vifaa vya michezo. Honda wakaamua kuwafuata.

Lile tangazo lao maarufu, lililoonyesha watu wa kawaida kabisa, akina mama na wanafunzi, wakiwa juu ya pikipiki, lilikuja mwaka 1963. Angalia mpangilio, Mhariri. Miaka minne ilikuwa imepita. Mashine zilikuwa zimerekebishwa, wauzaji wapya wamepatikana, mnunuzi ameshajitokeza mwenyewe. Tangazo lilikuta njia imeshafyekwa, likaipanua. Mwaka uliofuata, karibu nusu ya pikipiki zilizouzwa Marekani zilikuwa Honda. Anayeanza kusimulia mwaka 1963 atakuambia ni nguvu ya matangazo.

Toyota nao waliumia huko huko. Gari lao la Toyopet Crown, imara kwa barabara za Japani za wakati ule, lilipoingia barabara kuu za Marekani mwaka 1958 liliishiwa nguvu na kuchemsha. Kufikia mwisho wa 1960 walikuwa wamesimamisha kulipeleka. Walirudi mwaka 1965 na Corona iliyotengenezwa kwa kumfikiria dereva wa kule, na safari hiyo wakabaki.

Mwandishi wenu aliitaja Coca-Cola kama ushahidi wake mkuu, kwamba ni mabango matupu. Kwa heshima zote, alichagua mfano unaompinga. Siri ya Coca-Cola katika nchi za watu ni mkataba wa ujazaji. Kampuni yenyewe hutengeneza kiini cha kinywaji, kisha hukiuza kwa mwenye kiwanda cha huko, ambaye ana maji, chupa, malori na madereva wanaojua kila kichochoro. Mwenye kiwanda huyo mara nyingi ni mtu wa nchi ile, ana deni la benki ya nchi ile, na soda isipofika dukani ni yeye anayefilisika. Sijui kama kuna bango linaloweza kumwamsha mtu alfajiri kama deni lake mwenyewe.

Na jina kubwa halitoshi. India, Coca-Cola iliondoka mwaka 1977 serikali ilipoitaka ipunguze umiliki wake kwenye kampuni ya huko. Iliporudi mwaka 1993 ilikuta soda nyeusi ya wenyeji, Thums Up, imejaza nafasi. Ikainunua. Wengi walitarajia itaiua polepole ili wateja wahamie kwenye jina la Kimarekani, lakini wateja hawakuhama, na Thums Up inauzwa hadi leo chini ya mwavuli wa Coca-Cola. Hapo muuza duka na mnywaji wa kawaida walimfundisha mwenye mabango.

Nikija kwa kampuni zilizoshindwa, nina mbili ninazopenda kuwasimulia vijana wanaoanza kazi ya mauzo. Ya kwanza ni Walmart, kampuni ya Kimarekani ya maduka makubwa, ilipokwenda Ujerumani. Walinunua maduka 21 ya Wertkauf mwishoni mwa 1997, na mwaka uliofuata mengine 74 ya Interspar. Fedha hazikuwa tatizo. Tatizo lilikuwa kwamba walikwenda na Marekani yao mkobani. Waliweka watu wa kuwalaki wateja mlangoni na wa kuwapangia vitu kwenye mifuko, mambo ambayo wateja wengi wa kule waliyaona ya ajabu, wengine ya kuudhi. Walipojaribu silaha yao kubwa, bei ya chini, walikuta wenyeji, Aldi na Lidl, wameishi kwa bei ya chini kwa miongo mingi, tena kwenye maduka madogo yaliyo karibu na nyumba za watu. Mwaka 2000 mamlaka ya ushindani ya Ujerumani iliwaamuru waache kuuza baadhi ya vyakula vya msingi chini ya gharama. Baadaye wakashindwa mahakamani kuhusu kanuni zao za kazi zilizoingilia hata mapenzi ya wafanyakazi. Mwaka 2006 waliuza maduka 85 kwa Metro, kampuni ya Kijerumani, wakafunga mizigo. Hasara yao ilitajwa kuwa kama dola bilioni moja.

Ya pili ni M-Pesa, na nimeichagua makusudi, maana wapo wanaodhani kosa hili ni la Wamarekani na Wazungu tu. Huduma hiyo ilianza Kenya mwaka 2007 ikawa mfano wa dunia nzima. Vodacom walipoifungua Afrika Kusini mwaka 2010 walitangaza lengo la wateja milioni 10 ndani ya miaka mitatu. Matangazo yalikuwepo, jina lilishajulikana. Lakini Afrika Kusini ilikuwa na watu wengi wenye akaunti za benki, mashine za kutolea fedha tele, na maduka makubwa ambako mtu aliweza kutuma fedha tayari. Sheria za benki nazo zilikuwa ngumu zaidi. Hitaji lililoibeba Kenya, la mtu aliye mjini anayetaka kupeleka fedha kijijini bila benki, huko lilikuwa limeshajibiwa kwa njia nyingine. Na wale mawakala wa kila kona, ambao ndio mwili wenyewe wa M-Pesa, hawakujengeka. Ilijaribiwa tena mwaka 2014, ikafungwa katikati ya 2016 ikiwa na watumiaji hai 76,000 tu.

Bidhaa ile ile, iliyothibitishwa, yenye jina. Hapo kodi ya matangazo ingebadilisha nini?

Nisimnyime mwandishi wenu haki yake. Kuna mahali tangazo limefanya maajabu. Japani, nchi ambayo Wakristo hawazidi asilimia chache, familia nyingi hula kuku wa KFC siku ya Krismasi, desturi iliyokuzwa na kampeni ya mwaka 1974. Huo ni ushindi wa tangazo, sina ubishi. Ila naongeza kwamba KFC walikuwa wamefika Japani tangu 1970, na mteja aliyevutwa na kampeni alikuta duka, kuku na mpishi.

Mfano mzuri kuliko yote, kwangu mimi, ni Transsion wa Shenzhen, wenye simu za Tecno, Itel na Infinix. Kampuni hii iliyoanzishwa mwaka 2006 haikwenda kupigana na wakubwa nyumbani kwao China, ililenga Afrika. Waliona watu wanabeba laini mbili au tatu kwa sababu kupiga mtandao mwingine ni ghali, wakaleta simu za laini mbili. Waliona umeme unakatika, wakaweka betri za kukaa. Kamera zao wakazirekebisha zitoe vizuri picha za watu wenye ngozi nyeusi, jambo ambalo makampuni makubwa yalikuwa yamelipuuza kana kwamba wateja hao hawana nyuso. Na jambo ambalo sisi watu wa mauzo tuliliona kwanza: walifungua vituo vya matengenezo, Carlcare, ili simu ikipasuka kioo kuwe na mahali pa kuipeleka. Mabango walibandika pia, tena mengi, hata kupaka kuta za maduka rangi ya bluu. Lakini ukuta wa bluu usio na fundi nyuma yake ungechekwa kama pampu zangu.

Vile vifuko vidogo vya shampuu na sabuni, ambavyo watu huvihesabu kama ujanja wa makampuni ya Ulaya, vilipata nguvu India kwa watengenezaji wadogo wa huko huko, miaka ya 1970 na 1980, waliojua kwamba mtu anayelipwa kwa siku hununua kwa siku. Wakubwa wakaiga, wakaisambaza duniani. Taka za plastiki zilizofuata ni barua nyingine.

Sasa nifike kwenye pendekezo la kodi, kwa sababu hapo ndipo makala yenu iliniudhi hasa. Mwandishi anadhani madhara ya kampuni za kigeni yako kwenye bango, kwa hiyo ukilibana bango umemaliza. Kinyume chake, madhara makubwa ninayoyajua yalipitia njia zisizo na bango hata moja.

Watu wa rika langu wanaikumbuka vita ya maziwa ya kopo ya watoto wachanga. Katika miaka ya 1970 na kabla yake, kampuni kadhaa, Nestlé ikiwa ndiyo iliyotajwa zaidi, ziliuza maziwa hayo katika nchi maskini kwa kupitia hospitali. Zilitumia wanawake waliovaa sare za kufanana na za wauguzi, wakapita wodi za wazazi na majumbani wakitoa ushauri na sampuli za bure. Mama alipoanza kumpa mtoto sampuli, mtoto akaacha kunyonya kwa nguvu, na titi lisiponyonywa maziwa hupungua. Sampuli ikiisha, mama hana budi kununua. Asiye na fedha aliyachanganya na maji mengi ili kopo lisogee, na maji yenyewe mara nyingi hayakuwa salama. Watoto waliharisha, walikonda, walikufa.

Tazama ustadi ulivyokuwa, Mhariri, maana kwa lugha ya kazi yangu huo ulikuwa ustadi. Walimpata mnunuzi saa ile ile anapofanya uamuzi, kupitia mtu anayemwamini, wakampa kitu cha bure kinachofunga mlango wa kurudi nyuma. Hayo yote ndiyo ninayoyasifu katika barua hii: kumjua mteja, kumfikia, kutumia wakala anayeaminika. Nimefundisha vijana mbinu hizo hizo kwa ajili ya dawa za meno, na sikulala vizuri siku niliposoma jinsi zilivyotumika wodini.

Hakuna kodi ya mabango ambayo ingewagusa. Kilichowagusa kilikuwa mgomo wa wanunuzi ulioanza Marekani mwaka 1977 ukaenea nchi nyingine, na kisha Kanuni ya Kimataifa ya Uuzaji wa Vibadala vya Maziwa ya Mama, iliyopitishwa na mkutano mkuu wa Shirika la Afya Duniani mwezi Mei 1981. Nchi 118 ziliikubali, tatu hazikuegemea upande wowote, na moja tu, Marekani, ilipiga kura ya kuikataa. Ukiisoma kanuni ile utaona iliandikwa na watu walioelewa biashara. Inakataza kuyatangaza maziwa hayo kwa umma, ndiyo, lakini pia inakataza sampuli za bure kwa akina mama, inawakataza watumishi wa kampuni kuwafuata kina mama wajawazito na wenye watoto wachanga, inakataza zawadi za kuwashawishi wahudumu wa afya, na inasema bonasi za wauzaji zisihesabiwe kwa wingi wa makopo waliyouza. Kipengele hicho cha bonasi, kwa mtu aliyewahi kuishi kwa kamisheni, kinaonyesha kwamba waliotunga walijua nguvu inakotoka. Udhaifu wake ni kwamba kanuni si sheria mpaka kila nchi iifanye sheria, na hata ikishakuwa sheria lazima awepo wa kwenda wodini kuangalia.

Kwa hiyo mwandishi wenu akitaka kuwasaidia wazalishaji wa ndani, namshauri aachane na mabango kwa muda. Aende kwa muuza jumla yeyote amwulize kwa nini rafu ya mbele amempa mgeni. Ataambiwa kuhusu siku 60 za mkopo, gari linalofika bila kuchelewa, na katoni zenye kasoro zinazochukuliwa bila ugomvi. Mzalishaji wa ndani anayedai taslimu mlangoni na asiyepokea simu baada ya kuuza atashindwa hata kama mabango yote yataondolewa leo.

Na mnapoalikwa kwenye uzinduzi wa bidhaa ya kigeni, kama ninavyoona mnaalikwa karibu kila wiki, picha za jukwaa na keki zinatosha sasa. Mpeni mwandishi wenu kazi ya kumtafuta mtu aliyekaa nyuma, aghalabu ana shati la ofisi na sura ya uchovu, huyo ndiye wakala. Amwulize stoo ya vipuri iko wapi, ina vipuri vya miezi mingapi, na mkataba wake wa uwakala ukivunjwa kesho nani atabeba dhamana waliyopewa wateja. Akishajibiwa, au akikataliwa jibu, aandike hivyo hivyo ilivyo. Nitanunua gazeti siku hiyo.

Wenu,
Msimamizi wa mauzo mstaafu